Shahidi wa Maji Machache

Sisi tuliokulia AIC, yaani Africa Inland Church, tuna neno tunalolitamka huku tumebenua mdomo kidogo: maji machache. "Yule kabatizwa kwa maji machache," tunasema, na kila mtu anaelewa kuwa anayesemwa ni Mkatoliki au Mlutheri, mtu aliyemwagiwa kikombe kichwani kabla hajajua hata kushika kijiko. Sisi ni watu wa maji mengi. Mwanza imejaa watu wa maji mengi: AIC, Wasabato, Wapentekoste wa kila namna. Mimi nilizamishwa ziwani nikiwa na miaka 16. Mzee mmoja wa kanisa alitangulia na fimbo ndefu, akawa anachapa maji huku na huku kufukuza mamba, ndipo tukaingia mmoja mmoja hadi alipokuwa amesimama mchungaji, maji yamemfika kiunoni. Nilitoka natetemeka, gauni limenigandamana, mama yangu analia kwa furaha juu ya jabali. Miezi michache baadaye nikapimwa, nikakutwa na kichocho. Hilo nalo watu wa maji mengi hatulihubiri sana.

Kwa hiyo rafiki yangu aliponipigia simu akasema, "Shosti, nataka wewe ndiye umsimamie mtoto kwenye ubatizo," nilicheka. Akangoja nimalize kucheka. Hakuwa anatania.

Tulikaa chumba kimoja Malimbe miaka mitatu tukisoma chuo kikuu, SAUT, yeye anaamka alfajiri kuwahi misa, mimi navuta shuka. Tumegawana sufuria, kodi, na msiba mmoja ambao si wa kuandika hapa. Bintiye alizaliwa Machi, mvua imenyesha siku tatu haijakata, na bibi mzaa baba hakungoja mtu: akamwita Kabula. (Hapa nitamwita hivyo. Jina lake halisi nalo ni la mvua, ila si langu kulitangaza.) Kwa Wasukuma binti wa mvua ni Kabula, mvulana ni Mabula, na mjadala umekwisha. Tangu siku hiyo rafiki yangu naye akawa Mama Kabula. Jina lake la chuo likabaki kwenye vyeti.

Nikakubali. Sikujua nimekubali nini.

Fomu ilinifikia kwa WhatsApp, imepigwa picha ya kupinda. Jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, ndoa yao imefungwa parokia gani, wako Jumuiya ipi, sahihi ya mwenyekiti wa Jumuiya. Halafu: jina la msimamizi, amebatizwa wapi, amepata kipaimara wapi. Nikaishia hapo. Kipaimara ninachokijua mimi ni kile cha kualikwa kula pilau.

"Njoo tu Jumamosi," Mama Kabula akaniambia. "Mwalimu atajua la kufanya."

Parokia yenyewe iko ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema, na ni kongwe. Nilipanda mchomoko Nyegezi, tumebanana wanne nyuma na kuku miguuni. Ukifika Usagara unaacha barabara ya Shinyanga, unakata kulia kuelekea Kigongo. Zamani hapo ndipo safari ilipokuwa inalala. Ungekaa kwenye foleni ya kivuko saa moja, saa mbili, ukinunua mahindi ya kuchoma usiyoyahitaji kwa sababu tu anayeyauza amekaa mbele yako muda mrefu mpaka mmekuwa kama ndugu. Tangu Juni 2025 kuna daraja, kilomita 3 juu ya maji, na dereva wetu alilivuka huku anajibu simu. Sikuwahi hata kumaliza kulitazama ziwa. Ni jambo jema, najua, wagonjwa wamekufa wakisubiri kivuko. Lakini yule mama wa mahindi nilimtafuta kwa macho.

Na upande huohuo wa Kigongo, kabla hujafika majini, ndiko iliko Bukumbi. Nimepita pale mara nyingi nikiijua kama hospitali na shule ya wasichana, basi. Sikujua kuwa Wamisionari wa Afrika, wale tuliowazoea kwa jina la White Fathers, walijenga misheni pale mwaka 1883, baada ya kuondoka Buganda kwa muda. Wala sikujua kuwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alipopinduliwa mwaka 1888, alikimbilia kusini mwa ziwa, akafika Magu, kisha akaenda kupewa hifadhi palepale Bukumbi. Mwanga huyuhuyu aliyewachoma vijana wa ikulu yake kwa sababu ya dini miaka miwili tu nyuma. Akabisha hodi kwa mapadre waliowafundisha wale vijana, na wakamfungulia. Yote haya niliambiwa na mtu mmoja chini ya mwembe, siku hiyohiyo, na ninakuja kwake sasa.

Semina ya wazazi na wasimamizi ilikuwa imeanza. Mabenchi yametolewa nje, akina mama wananyonyesha, akina baba wamekaa nyuma kabisa kama wanafunzi watoro. Mbele amesimama Mwalimu mwenyewe, katekista, mzee wa miaka sabini hivi, shati jeupe limefungwa hadi kifungo cha mwisho, baiskeli yake imeegemea mti.

"Tumsifu Yesu Kristu!" akanisalimu.

"Amina," nikajibu.

Mabenchi yote yakageuka. Kwetu mtu akisema "Bwana Yesu asifiwe" unajibu "Amina" na maisha yanaendelea. Huku jibu ni "Milele, Amina." Neno moja tu limekosekana, na kijiji kizima kimeshajua mimi ni nani.

Mwalimu aliendelea kana kwamba hajasikia. Akafika kwenye sifa za msimamizi: awe Mkatoliki, awe ametimiza miaka 16, awe amepokea komunyo na kipaimara, na mwenendo wake ufanane na kazi anayopewa. Mzazi hamsimamii mtoto wake mwenyewe. Kisha akanigeukia, kwa upole ule wa watu wanaojua watakalolisema litauma. "Na wewe binti yangu, uliyebatizwa katika kanisa lingine, huwezi kuwa msimamizi. Lakini akiwepo msimamizi Mkatoliki, na wewe unaweza kusimama pembeni yake. Utaitwa shahidi."

Iliniuma. Nilikuwa nimefunga safari, nimenunua kigauni cheupe cha lesi pale Makoroboi, na kumbe nitasimama pembeni kama mpiga picha. Nikauliza, na sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyokusudia, "Kwa hiyo, Mwalimu, ubatizo wangu mimi hamuutambui?"

"Ulibatizwa kwa maji?"

"Maji mengi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu?"

"Ndiyo."

"Basi umebatizwa. Hata ukija kwetu kesho hatukubatizi tena." Akatulia kidogo, akafuta miwani kwa pindo la shati. "Na mimi nikija kwenu?"

Nikanyamaza. Pale chini ya mwembe hakuna asiyejua jibu. Mwalimu, na miaka yake sabini ya misa, angeteremshwa ziwani na mzee wa fimbo akiwa ametangulia.

Nimeshawahi kubishana sana juu ya ubatizo. Tukiwa chuo ndiyo ilikuwa starehe yetu ya usiku umeme ukikatika, na hoja zangu zilikuwa na makali: mtoto mchanga hajatubu, hana cha kutubu, hajui anaingizwa wapi. Lakini hakuna aliyewahi kunigeuzia swali namna ile. Sisi tunaojisifu kwa uhuru wa mtu kuamua ndio tusioukubali ubatizo wao. Wao, wanaobatiza bila kumuuliza mtoto, ndio waliouchukua wa kwangu jinsi ulivyo.

Kisha akaongeza jambo ambalo bado linanichekesha. Mtoto akiwa mahututi na padre hayupo, alisema, mtu yeyote anaweza kumbatiza: nesi, mkunga, jirani, hata asiye Mkatoliki, ilimradi atumie maji, ayatamke yale maneno, na akusudie kufanya kile Kanisa linachofanya. "Hata wewe," akaninyooshea kidole. Nikafanya hesabu kichwani. Kwa hiyo Kabula akizidiwa usiku wa manane ninaweza kumbatiza kwa kikombe cha chai, lakini mchana kweupe, mzima wa afya, siwezi kumsimamia. "Ndivyo," Mwalimu akasema, akafurahi kama mwalimu wa hesabu aliyeona mwanafunzi amekokotoa.

Ndipo akatueleza habari za Kizito. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, Karoli Lwanga, mlei, kijana kiongozi wa wahudumu wa ikulu, alijua kuwa kukikucha Mwanga atawakamata. Padre hakuwepo. Akawabatiza yeye mwenyewe wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wanaofundishwa kabla ya ubatizo, akiwemo Kizito, mvulana wa miaka kumi na minne hivi. Tarehe 3 Juni wakachomwa Namugongo. "Nao tunawaitaje?" Mwalimu akauliza.

"Mashahidi wa Uganda!" mabenchi yakaitikia.

"Enhe. Sasa binti yangu asifikiri nimempa cheo kidogo."

Nimelitumia neno shahidi maisha yangu yote, mahakamani, kwenye mikataba ya viwanja, kwenye harusi, na sijawahi kusimama nikajiuliza imekuwaje Kiswahili kimempa mtu anayetia sahihi na mtu anayekufa kwa moto jina lilelile. (Mwanga mwenyewe alikufa uhamishoni Seychelles mwaka 1903. Alikuwa amebatizwa, Mwanglikana, jina lake Danieli. Maji machache.)

Usiku nililala kwa bibi yake Kabula. Nikamwamkia, akaitika marahaba huku ananipima kwa macho, akaniwekea matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na chai ya maziwa, na tulipozoeana akaanza kuhadithia ubatizo wake mwenyewe. Alikuwa msichana wa miaka kama kumi. Padre alikuwa Mzungu wa ndevu, kanzu nyeupe, rozari imening'inia shingoni kama mkufu, na aliongea Kilatini ambacho hakuna aliyekielewa, na Kisukuma ambacho kila mtu alikielewa na kukicheka. Anachokikumbuka kuliko yote ni chumvi. Kabla ya maji padre alimtia chumvi ulimini. Ilikuwa sehemu ya ibada enzi hizo, ishara ya hekima, imeondolewa siku hizi. "Sikuitema," bibi akaniambia, kwa fahari ambayo miaka zaidi ya sitini haijaipunguza. "Wenzangu walitema. Mimi nikameza."

Tena hakumwagiwa tu akiwa amelala mgongoni mwa mama yake. Alisoma katekisimu kwa miaka, akitembea kwa miguu kwenda na kurudi. Hapa ndipo hoja yangu ya chuo ilipopata ufa wa pili. Nilikuwa naamini kuwa Wakatoliki wa ziwa hili walianza kwa kumwagia maji kila kichanga waliyemwona. Kumbe Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa hao White Fathers, aliwawekea wamisionari wake sharti la miaka minne: mtu mzima asibatizwe kabla ya kupita miaka minne ya maandalizi, labda awe anakufa. Miaka minne! Mimi kanisani kwetu nilisoma darasa la ubatizo miezi mitatu, na mwezi mmoja kati ya hiyo mwalimu alikuwa safarini. Hata Laurean Rugambwa wa Bukoba, aliyekuja kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, alibatizwa mwaka 1921 akiwa na miaka minane, siku moja na baba yake na mama yake. Hawa vichanga wa leo wamekuja baadaye, wamezaliwa na watu ambao bibi zao walimeza chumvi.

Jumapili. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, tangi la parokia likitoa upepo mtupu, kwa hiyo asubuhi vijana wawili walitumwa ziwani na baiskeli. Niliwaona wakirudi, madumu ya njano yakichuruzika vumbini. Dumu moja likaenda jikoni kwa akina mama wa WAWATA waliokuwa wanachambua mchele. Lingine likaingia kanisani.

Tulisimama mlangoni kwanza, watoto kumi na saba, nimewahesabu. Mmoja akianza kulia wanapokezana kama majogoo. Padre, kijana kuliko mimi, akapita akiuliza kila familia, "Mmempa mtoto wenu jina gani?" Alipotufikia, baba mtu akajibu kwa sauti ya kukariri, "Monika."

"Kabula!" ikasikika nyuma.

Padre akageuka. Bibi alikuwa amesimama wima na mkongojo wake, na Monika ni jina lake yeye mwenyewe, yaani mtoto alikuwa anapewa jina la bibi kwa heshima, na bibi haitaki hiyo heshima peke yake.

"Bibi, yote mawili yataandikwa," padre akasema.

"Wabeja," bibi akashukuru kwa Kisukuma, akakaa.

Padre akamchora mtoto ishara ya msalaba kwenye paji la uso, wazazi wakafuata, kisha msimamizi, dada yake Mama Kabula. Mimi nikabaki na mikono yangu. Sijawahi kumchora mtu msalaba. Mama Kabula akanivuta kwa kiwiko. Nikachora, vibaya, kama mtu anayefuta jasho.

Kulikuwa na masomo, mahubiri mafupi, litania ndefu, mafuta kifuani. Nitaruka hadi pale nilipokuwa nimejiandaa kubisha kimoyomoyo, pale ambapo mtoto asiyejua kusema anamkataa Shetani. Padre akasimama mbele ya ndoo ya maji ya ziwa, iliyokuwa imeshabarikiwa, akatutazama. Sisi. Si mtoto.

"Mnamkataa Shetani?"

"Tunamkataa."

"Na mambo yake yote?"

Nilikuja kumuuliza Mwalimu baadaye. Zamani swali lilielekezwa kwa mtoto, na msimamizi akajibu kwa niaba yake. Ibada mpya ya mwaka 1969, iliyotungwa kwa ajili ya watoto wachanga hasa, ikawageuzia wazazi na wasimamizi, waseme imani yao wenyewe. Lakini pale sikuwa na historia yoyote kichwani. Nilikuwa na swali limenikodolea macho, na dada wa watu amejibu, na baba amejibu, na mimi mara ya mwisho kuulizwa hivi nilikuwa na miaka 16 na maji kiunoni. Katikati hapo nimefanya mengi. Nikajibu, "Tunamkataa." Swali la tatu nikajibu peke yangu kidogo, nimechelewa, sauti imeniponyoka.

Halafu ikawa haraka. Kichwa kikainamishwa juu ya beseni, kikombe cha bati, mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kabula hakulia. Maji yalimtiririka hadi kwenye mdomo, akatoa ulimi kuyaonja. Nikamtazama bibi. Bibi alikuwa ananitazama mimi.

Krisma utosini, kigauni changu cha lesi juu ya nguo aliyokuwa amevaa, mshumaa uliowashwa kutoka mshumaa wa Pasaka. Upepo wa ziwa ukauzima mlangoni. Baba mtu akauwasha tena kwa kiberiti cha gesi, akitazama pembeni. Ngoma, kayamba, vigelegele, mavuno yakapelekwa altareni, na baada ya misa yakapigwa mnada uwanjani. Jogoo mmoja alinunuliwa na kurudishwa na kununuliwa tena mara nne, kila mtu akiwatuza naye watoto waliobatizwa. Mimi nilipandisha bei ya boga kwa utani, nikaachiwa. Shilingi elfu sita. Sato walikaangwa vizuri.

Jioni, mchomoko ukiwa tayari unapiga honi barabarani, Mwalimu akatuita sakristia kuandika. Vitabu vya ubatizo vimepangwa kwenye kabati la mbao, vya zamani vina magamba ya ngozi yanayobanduka. Nusu ya watu wa pale hawakuwa na karatasi nyingine iliyoonyesha walizaliwa lini. Watu huja, Mwalimu alisema, wazee wazima, kutafuta cheti cha ubatizo ili wapate cha kupeleka RITA kuombea cheti cha kuzaliwa. Bibi akamwomba amtafutie lake. Haikuchukua muda. Mwaka 1958, mwandiko umelala, wino umekuwa wa kahawia, maneno ya Kilatini. Monica, na jina lake la Kisukuma pembeni. Ukingoni, kwa mwandiko mwingine, kipaimara. Chini yake, kwa mwandiko wa tatu, ndoa yake, tarehe na jina la marehemu babu.

"Nisomee, mjukuu wangu," bibi akaniambia. Nikamsomea ninayoyaweza.

"Chumvi wameandika?"

Nikatazama tena. "Hapana, bibi. Hawakuandika."

Akaguna.

Mwalimu akafungua kitabu kipya, akaandika polepole, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo. Monika Kabula. Wazazi. Msimamizi. Akafika mwisho wa mstari, na nafasi ya shahidi haikuwa imechapishwa. Akachukua rula, akapiga mstari wake mwenyewe chini ya ule wa msimamizi, akaniuliza jina langu linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja. Upande wa kulia wa jina la mtoto ukabaki mweupe, upana wa vidole vitatu.

"Na hapa?" nikauliza.

"Hapa pa kipaimara, hapa pa ndoa. Au utawa, Mungu akipenda." Akapuliza wino ukauke. "Na ukisikia katoroka kaolewa na mtu wa kwenu wa maji mengi, wewe shahidi, uniletee habari niandike."

Akafunga kabati, akaenda kutafuta baiskeli yake.